Uzi: Mbuga ni ya nani? Mlima Elgon, Chepkitale, Chetambe na yale mnayoambiwa mikutanoni

Sheria za huu uzi ni zile zile: hatutaji mwanasiasa, hatutaji chama. Tunachukua hoja inayorudiwa majukwaani, tunaifungua, tunaangalia ndani kuna nini.

Juma lililopita nilikaa viti vya nyuma kwenye ukumbi mmoja Bungoma mjini, mdahalo wa wanaotaka kuchaguliwa. Saa mbili nzima ilikuwa barabara, sukari, basari, halafu sukari tena. Karibu na mwisho mzee mmoja kutoka upande wa Kapsokwony akapewa kipaza sauti. Alitoa karatasi mfukoni, akaikunjua polepole mpaka watu wakaanza kunong'ona. Akauliza: "Mtu akishinda kesi kortini, hiyo hukumu anaipeleka ofisi gani?"

Watu wakacheka kidogo. Mgombea wa kwanza akasema akiingia tu, ndani ya siku 100 mbuga itarudi kwa wenyewe. Wa pili akasema mbuga ni mali ya serikali, hakuna wa kuigusa. Wa tatu akasema mambo ya ardhi ni nyeti, tuombee amani. Makofi, tukaenda chai.

Mzee hakujibiwa. Aliuliza ofisi, akapewa ahadi, akatishwa, kisha akaombewa. Kwa hivyo leo nataka tumjibu, na njiani tupitie zile hoja tatu maana mtazisikia tena na tena, Kitale na Bungoma.

Kwanza niseme wazi nimesimama wapi. Mimi ni mtoto wa Kitale. Babu yangu, Mbukusu, alifika Trans Nzoia kuchunga ng'ombe wa mlowezi, na baada ya uhuru yeye na wenzake wakachanga pesa wakanunua sehemu ya lile shamba. Hati iko kwenye sanduku la bati chini ya kitanda cha mama. Lakini kabla ya mlowezi, kwenye nyasi hizo hizo, Wasabaot walikuwa wakilisha mifugo yao. Kwa hiyo mtu akisema "ardhi ya mababu irudi", mimi si mtazamaji. Nasikia tumbo likivuta kama wengine wengi mnaosoma hapa. Tutafika huko.

Tuanze na maneno, kwa sababu nusu ya kelele inatokana na maneno kuchanganywa.

Mtu akisema "mbuga ya Elgon" anaweza kuwa anazungumzia vitu viwili tofauti. Upande wa Trans Nzoia, ukipitia Endebess hadi lango la Chorlim, kuna Mbuga ya Kitaifa ya Mlima Elgon. Ilitangazwa 1968, ukubwa wake kilomita za mraba 169, na inasimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Mbuga ya kitaifa maana yake hakuna mtu kuishi humo wala kulisha mifugo. Upande wa Bungoma, juu kabisa kwenye nyika za baridi, kuna Chepkitale, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya kitaifa Juni 2000. Hifadhi ya kitaifa ni kitu kingine. Kisheria huwa chini ya serikali ya kaunti, na mapato yake huenda kaunti. Maasai Mara ni mfano ambao kila mtu anaujua: Narok ndiyo inayokusanya.

Kwa hiyo yule aliyesema "mbuga ni mali ya serikali" angeulizwa tu swali dogo: serikali gani? Maana ya Nairobi na ya Bungoma si moja, na tangu 2013 zote mbili zina bajeti na zina watu wa kuulizwa.

Sasa Chepkitale yenyewe. Hapa nitakawia, kwa sababu ndipo penye mfupa.

Wanaoitwa Ogiek wa Chepkitale ni watu wa juu mlimani. Nyuki, mifugo, uwindaji wa zamani. Majirani wamewaita majina mengi, mengine ya dharau, na kwenye siasa za mlima utasikia "watu wa Mosop" yaani wa juu, na "watu wa Soy" yaani wa chini. Wakati wa ukoloni ardhi nzuri ya tambarare ya Trans Nzoia ilitengwa kwa walowezi, wenyeji wakasukumwa, na Chepkitale ikaachwa kuwa eneo la wenyeji. Nani angeitaka? Baridi kali, mahindi hayaoti. Baada ya uhuru ikawa ardhi ya amana. Ardhi ya amana, kwa wale vijana ambao hamkuipata, ilikuwa ardhi ya jamii iliyoshikiliwa na baraza la kaunti la zamani kwa niaba ya watu wake. Zingatia hapo: *kwa niaba*. Baraza halikuwa mwenyewe. Lilikuwa kama shangazi aliyeachiwa ng'ombe wa mayatima.

Mwaka 1971 serikali ikaanzisha mpango wa makazi wa Chebyuk, ili watu wa juu washuke waishi chini karibu na shule na barabara. Kwenye karatasi ni jambo zuri. Lakini mashamba ya Chebyuk yalipimwa, yakapimwa tena, yakafutwa, yakagawanywa upya, na kila awamu ikawa na waliopata na waliokosa, na waliokosa wakakumbuka majina. Kuanzia 2006 hadi 2008 mlima ukawaka. Kundi lenye silaha likakata watu masikio na kuua mamia, halafu Machi 2008 jeshi likaingia kwa operesheni iliyoitwa Okoa Maisha, na huko nako kukawa na vilio vya mateso na watu waliopotea. Nilikuwa Kitale wakati huo. Magari yaliyobeba magodoro na kuku yalikuwa yakishuka kila siku. Kwa hiyo mtu akisimama jukwaani akarusha maneno ya ardhi ili apigiwe makofi, mimi huangalia nyuso za wazee waliotoka Cheptais na Kopsiro. Wao hawapigi makofi.

Turudi 2000. Chepkitale ikatangazwa hifadhi. Siku moja ni ardhi ya jamii, siku ya pili ni hifadhi ya wanyama, na aliyekuwa nyumbani akawa mvamizi. Nyumba zikachomwa, watu wakaondolewa, wakarudi, wakaondolewa tena. Ndipo jamii ikaenda kortini mwaka 2008. Kesi ikatembea kama kesi za ardhi zinavyotembea, na Septemba 2022, Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa hapa Bungoma ikakubaliana nao: ardhi ya jamii iligeuzwa hifadhi bila wenyewe kushirikishwa, na hilo halikuwa halali.

Miaka 14 kortini. Mtoto aliyezaliwa kesi ikifunguliwa alikuwa kidato cha kwanza hukumu iliposomwa. Ile karatasi ya mzee, nadhani sasa mnajua ilikuwa inahusu nini.

Hoja ya kwanza basi: "nitairudisha mbuga ndani ya siku 100." Hakuna gavana, seneta, mbunge wala mwakilishi wa wadi mwenye uwezo wa kufuta mbuga au hifadhi peke yake. Chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2013, kubadilisha mipaka au kuondoa hadhi ya eneo lililohifadhiwa kunahitaji mashauriano na umma, pendekezo la KWS baada ya kuzungumza na Tume ya Taifa ya Ardhi, kisha azimio la Bunge la Taifa. Ukiahidiwa kwa siku, uliza hatua. Na anayeahidi "mbuga" bila kutofautisha mbuga ya Trans Nzoia na hifadhi ya Chepkitale, huyo hajasoma hata ukurasa mmoja. Hukumu ya Bungoma ilihusu Chepkitale, haikuigusa ile ya Chorlim.

Hoja ya pili: "watu wakirudi, msitu utaisha." Hii nataka tuipe heshima, maana ina ukweli ndani yake. Mito inayolisha Nzoia na Malakisi inaanzia huko juu. Sisi wa chini tunakunywa mlima ule. Na wote tumeona miteremko iliyokuwa na miti ikawa viazi na mahindi. Lakini uliza nani alilima. Watu wa Chepkitale wameziandika sheria zao za kuishi na msitu, na uchomaji makaa ni marufuku humo. Unaweza kusema sheria za karatasi hazitoshi, na mimi nitakubali nusu. Ila misitu mingine tuliyoiona ikiisha haikuwa chini ya wenyeji, ilikuwa chini ya walinzi wenye sare na mishahara. Hilo nalo litajwe.

Katiba ya 2010, kifungu cha 63, inasema ardhi ya jamii ni pamoja na ardhi za mababu na ardhi ambazo kwa desturi zimekaliwa na jamii za wawindaji na wakusanyaji. Imeandikwa hivyo, haihitaji wakili kuisoma. Na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kule Arusha, ikiamua kesi ya Ogiek wa Mau Mei 2017, ilikataa hoja ya serikali kwamba kuwaondoa kulikuwa kwa ajili ya kulinda msitu. Juni 2022 mahakama hiyo ikaagiza walipwe fidia, jumla yake zaidi ya shilingi milioni 157, na ardhi yao itambuliwe. Novemba 2023, Ogiek wa Mau walikuwa wakibomolewa nyumba tena. Waendorois wa Ziwa Bogoria walishinda kwenye Tume ya Afrika, uamuzi ukatangazwa 2010. Upande wa pili wa mlima wetu huu, Uganda, Wabenet walipata hukumu ya makubaliano Oktoba 2005 iliyowatambua kama wenyeji wa eneo lililogeuzwa mbuga. Wote hao nao waligundua kwamba kushinda ni mlango wa kwanza tu, na nyuma yake kuna milango mingine. Yule mzee hakuuliza swali la kijinga hata kidogo.

Tupumzike kidogo na mapango.

Kitum, Makingeny, Chepnyalil. Mtu wa Kitale ambaye hajapelekwa huko na shule yake alidhulumiwa. Kitum inaingia ndani ya mlima karibu mita 200, na tembo huingia usiku, gizani totoro, wakapapasa njia kwa mkonga na kuchokonoa ukuta kwa pembe ili wapate chumvi. Alama za pembe unaziona ukutani. Mwaka 1883 Joseph Thomson, Mskoti aliyepita huku, aliwakuta watu wakiishi kwenye mapango ya mlima pamoja na mifugo yao. Hata jina Elgon limetokana na watu hao, Wakony. (Na kabla mtu hajauliza: ndiyo, watu wawili waliougua ugonjwa wa Marburg, 1980 na 1987, walikuwa wametembelea Kitum. Virusi hivyo vinahusishwa na popo. Msiingie mkagusa kinyesi chao, basi.)

Leo bango langoni linakueleza tembo na popo. Ukitaka kujua nani alilala humo na ng'ombe wake, muulize mwongozaji, na kama ni mtu wa pale atakueleza vizuri. Ndiyo maana nasema suala la turathi si kipande kidogo cha siasa za ardhi. Kama watu hawamo kwenye maelezo ya mahali, ni rahisi sana kuwaondoa mahali penyewe.

Mbali na huku, pwani ya California nchini Marekani, kuna jamii inaitwa Chumash. Nao wana pango lenye michoro ya wazee wao karibu na Santa Barbara, ambalo ni hifadhi ya kihistoria ya jimbo; unachungulia kupitia nyavu za chuma. Kwa miaka mingi walikuwa watu wa kwenye bango. Halafu mwaka 2024 serikali ya Marekani ikaanzisha hifadhi kubwa ya bahari yenye jina lao, na kwenye utaratibu wake jamii imepewa nafasi ya kushauri na kusimamia pamoja na wataalamu wa serikali. Sisemi ni mbinguni. Serikali bado ndiyo yenye kalamu. Naitaja kwa sababu majukwaani kwetu tunapewa njia mbili tu, ama fukuza watu ama futa mbuga, na kuna njia ya tatu ambayo wengine wanaijaribu: mahali pabaki pamehifadhiwa, na wenyewe wawe mezani.

Chetambe sasa, kwa watu wangu wa Bungoma. Mkipita Webuye kwenye barabara ya Eldoret mnakiona kilima. Agosti 1895 Waingereza walishambulia ngome za Wabukusu, kwanza Lumboka kisha Chetambe, kwa askari wa Kisudani na washirika wengine, na bunduki ambazo mikuki na ngao hazikuweza kuzijibu. Septemba 1947 Elijah Masinde wa Dini ya Msambwa alikusanya maelfu ya watu pale pale kuwakumbuka waliokufa. Mwaka uliofuata dini hiyo ikapigwa marufuku. Mkoloni alijua vizuri kwamba kilima kinachokumbukwa ni hatari kuliko kilima kilichosahauliwa.

Kila uchaguzi Chetambe huahidiwa: kituo cha utalii, hoteli, geti, ukumbi. Hapa tena uliza serikali gani. Katiba inaweka makaburi na majengo ya kale yenye umuhimu wa kitaifa chini ya serikali kuu, na Makavazi ya Taifa ya Kenya ndiyo yenye sheria yake, ya 2006. Makumbusho na bustani za kaunti ni kazi ya kaunti. Mgombea wa kaunti akikuahidi Chetambe, ana kitu anachoweza kufanya: njia ya kupanda, choo, kibao, mwongozaji anayelipwa. Ombeni hayo. Hoteli achaneni nayo.

Na Kitale tunayo makavazi yetu tangu 1974, ya kwanza nje ya Nairobi na pwani, yaliyotokana na mkusanyiko wa mlowezi mmoja, Kanali Stoneham: vipepeo, ndege, vitabu, vyombo vya wenyeji. Huwa naenda na mwanangu. Anapenda nyoka. Mimi husimama mbele ya vyombo nikijiuliza nani alikiacha kibuyu kile, na aliulizwa au hakuulizwa.

Haya, lile sanduku la bati.

Hoja ya tatu hainenwi kwa sauti, hupita chini chini kwa bodaboda na sokoni: "wakipewa hao, kesho watakuja kwenu." Mama yangu aliisikia na hakulala. Kwa hiyo nikamweleza hivi. Sheria ya Tume ya Taifa ya Ardhi inatambua dhuluma za kihistoria za ardhi zilizotokea kati ya Juni 15, 1895 na Agosti 27, 2010. Juni 1895 ndipo tulipofanywa himaya ya Mwingereza; Chetambe ilipigwa miezi miwili baadaye. Kwa hiyo ndiyo, kisheria yaliyotendwa na mkoloni Trans Nzoia yanaweza kulalamikiwa, na Wasabaot wana haki ya kulalamika. Sitamdanganya mama kuhusu hilo. Lakini sheria hiyo hiyo inataja dawa nyingi: kurudishiwa, kulipwa fidia, kupewa makazi kwingine. Na inataja kwamba mtu aliyenunua kwa nia njema, ardhi ikichukuliwa, hurudishiwa thamani yake baada ya tathmini. Kifungu cha 40 cha Katiba kinalinda mali yenye hati halali. Chepkitale haikuwa shamba la mtu mwenye hati. Ilikuwa ardhi ya jamii iliyoshikwa na shangazi. Kesi mbili tofauti, na anayeziunganisha jukwaani anajua anachofanya.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Basi hao watu wa juu wapewe chao." Halafu akaniuliza kama nimefunga lile sanduku.

Ofisi sasa. Mzee wangu, ukiisoma hii au ukisomewa.

Hukumu yenyewe hutekelezwa kupitia mahakama iliyoitoa. Chukua nakala iliyopigwa mhuri kwa msajili wa mahakama, pamoja na amri iliyotolewa kwenye hukumu, kwa sababu maofisa hufuata amri, hukumu ndefu hawaisomi. Ikiwa wanaopaswa kuitekeleza wamekaa kimya, wakili wenu anarudi pale pale kuomba walazimishwe. Ya pili ni msajili wa ardhi za jamii: chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 jamii hujiandikisha kwa jina, orodha ya watu wake na kamati iliyochaguliwa kwenye mkutano wa wazi, ndipo ardhi ipimwe na hati itoke kwa jina la jamii. Bila hilo hukumu inabaki inaelea. Ya tatu ni Tume ya Taifa ya Ardhi, ambayo ina mratibu kwenye kaunti. Barua ipelekwe kwa mkono, na ile nakala yako ipigwe mhuri wa "imepokelewa" na tarehe. Usikubali kuambiwa "tutakupigia."

Na wale watatu waliokuwa jukwaani, swali la kuwauliza mkikutana tena ni moja: kaunti iliirithi Chepkitale kutoka kwa baraza la zamani, je, ukiwa ofisini utaipinga hiyo hukumu au utaitii? Ndiyo au la. Muda wa kujibu, sekunde 30.

Sikuchukua namba ya yule mzee. Alivaa koti la kijivu na kofia ya sufi, akaondoka kabla ya chai kwa sababu matatu ya mwisho ya Kapsokwony haingoji. Anayemjua amfikishie.